Hosiradishi Jikoni: Kuutumia Ukali Wake Kabla Haujapotea

Mzizi wa hosiradishi ukiwa mzima hauna harufu ya kumshtua mtu. Uweke mezani, uunuse, utadhani ni mzizi wowote uliochimbwa udongoni. Ukali wake huzaliwa pale unapoukwaruza, na ukishazaliwa haukai sana. Mpishi anayelijua hilo hahitaji kukariri mapishi mengi, kwa sababu ataelewa mwenyewe siki iingie lini, kwa nini chungu kiepuliwe kwanza, na kwa nini iliyobaki jana haiwashi kama ya leo.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya mzizi kuna kemikali iitwayo sinigrini, na kando yake, ikiwa imetengwa nayo, kuna kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Mzizi usipoguswa, viwili hivi havikutani. Meno ya kikwaruzio yakishapasua nyama ya mzizi vinachanganyika, na hapo yanatoka mafuta makali yanayoitwa isothiosayaneti ya alili. Ndiyo hayohayo yanayoipa haradali nyeusi ukali wake, maana hosiradishi, haradali, wasabi (kiungo kikali cha kijani cha Kijapani) na kabichi vyote ni ukoo mmoja. Mafuta haya huruka hewani kwa urahisi. Kwa hiyo hosiradishi haikai ulimini kama pilipili. Hupanda puani, ikakutoa machozi, kisha ikakuachia. Pilipili ukiizidisha utahangaika nayo muda mrefu, lakini tonge kali la hosiradishi humalizika kabla hujapata maji ya kunywa.

Joto hukiua kimeng'enya hicho na kuyafukuza mafuta. Siki na limau hukifunga kimeng'enya kisiendelee na kazi, lakini hulinda ukali uliokwisha kutoka. Hayo mawili ndiyo ya kukumbuka.

Kuchagua mzizi na kuutunza

Chagua mzizi mgumu, mzito kwa ukubwa wake, usiobonyea popote. Ganda la kahawia lenye udongo na mikunjo si kasoro. Kasoro ni ulaini, madoa ya ukungu, na rangi ya kijani chini ya ganda, maana kijani huleta uchungu. Mahali ulipokatwa panapaswa kuwa peupe au pa rangi ya maziwa. Mzizi mnene kupita kiasi mara nyingi huwa na kiini kigumu chenye nyuzi kama kuni. Ukikutana nacho, kikate ukiweke kando, kwa sababu hakina ladha ya maana na kitakuchosha mkono bure.

Usiuchanganye na mzizi wa mlonge. Huo nao huwasha, na wako watu waliowahi kuutumia badala ya hosiradishi, lakini mlonge ni mti wa ukoo mwingine kabisa na ganda la mzizi wake lina kemikali zinazoweza kudhuru.

Ukifika nyumbani usiuoshe wote wala kuumenya wote. Uviringishe katika karatasi ya jikoni yenye unyevu kidogo, utie ndani ya mfuko, uweke sehemu ya mboga katika friji. Utakaa wiki kadhaa. Kila ukihitaji, kata kipande cha kukutosha, menya hicho tu, na uliobaki urudishe. Mahali ulipokata patakauka na kubadilika rangi. Mara nyingine punguza kipande chembamba tu kabla ya kuendelea.

Friza nayo inafaa. Menya mzizi, ukate vipande vya urefu wa kidole, ufunge vizuri, ugandishe. Kipande kilichoganda hukwaruzwa hivyohivyo bila kusubiri kiyeyuke, na tena hutoka laini kuliko kibichi. Kwa mtu anayeitumia mara mojamoja, naona hii ndiyo njia bora kuliko zote.

Kukwaruza bila kuangua kilio

Kama kitunguu hukuliza, basi jiandae. Fungua dirisha kabla hujaanza. Tumia kikwaruzio chenye matundu madogo, kile cha kukwaruzia ganda la limau, kwa kiasi kidogo cha mezani. Kwa kiasi kikubwa tumia blenda au mashine ya kusagia vyakula. Mkono unatoa nyuzi laini na ukali wa taratibu. Mashine inatoa chembechembe na ukali wa ghafla, kwa sababu inapasua kila kitu kwa mara moja.

Hatari iko kwenye mfuniko wa blenda. Mvuke wote umejikusanya humo ndani, na mtu akifungua huku ameinama kuchungulia, atarudi nyuma haoni njia. Fungua mkono ukiwa umenyooka na uso umegeukia pembeni, acha sekunde chache, ndipo uangalie. Usijipanguse macho kwa mikono uliyoshikia mzizi. Mwenye ngozi nyepesi avae glavu.

Ukisha kukwaruza, una dakika chache za kuamua. Nyama ya mzizi iliyokwaruzwa ikiachwa wazi bila siki huzidi kuwa kali kwa muda mfupi, kisha inafifia, inageuka rangi ya kijivu na kuingia uchungu. Kwa hiyo ile ya kunyunyizia mezani ikwaruzwe chakula kikiwa tayari kimepakuliwa. Si adabu ya hotelini tu. Ladha yenyewe inadai hivyo.

Chupa ya msingi

Hii ndiyo itakayokusaidia siku nyingi. Karibu mapishi yote yaliyo chini yanaweza kuanzia kwenye chupa hii.

Mahitaji: mzizi uliomenywa gramu 250, siki nyeupe mililita 120, chumvi nusu kijiko cha chai, maji baridi vijiko vikubwa viwili au vitatu, na sukari kidogo sana ukipenda.

1. Kata mzizi vipande vidogo vya mraba, visizidi upana wa ukucha. Vipande vikubwa huzungukazunguka kwenye blenda bila kusagika.

2. Tia vipande na maji baridi ndani ya blenda, saga kwa kuwasha na kuzima hadi vilainike. Maji yawe baridi kweli. Maji ya moto yataua kimeng'enya, na utapata uji mweupe usio na ladha.

3. Sasa simama. Ukitia siki papo hapo, utapata hosiradishi ya upole. Ukingoja dakika moja, itakuwa ya kati. Ukingoja dakika tatu, itakuwa kali ya kutoa machozi. Kuzidi hapo huongezi kitu cha maana.

4. Tia siki na chumvi, saga tena sekunde chache ili vichanganyike. Ikiwa nzito sana, ongeza siki kijiko kimojakimoja.

5. Pakia kwenye chupa safi ya kioo yenye mfuniko wa kubana, shindilia kidogo kwa kijiko ili kutoa hewa, na uhakikishe siki imefika juu. Weka kwenye friji.

Itakuwa nzuri zaidi katika wiki nne hadi sita za mwanzo. Baada ya hapo haijaharibika ikiwa haina ukungu wala harufu mbaya, ila itakuwa imepoa na utalazimika kuongeza kiasi. Ndiyo sababu sishauri kutengeneza chupa tatu kwa wakati mmoja. Tumia kijiko safi kila mara, na kisiwe cha fedha halisi, kwa maana kitapoteza mng'ao.

Ukiwa unanunua iliyotengenezwa tayari, soma viambato. Kuna chupa yenye mzizi, siki na chumvi tu, na kuna sosi yenye krimu, mafuta, wanga na sukari, ambayo mzizi wenyewe ni sehemu ndogo. Ya kwanza unaweza kuiingiza kwenye pishi lolote. Ya pili ni ya kupaka. Pishi likisema kijiko kimoja cha mzizi mbichi na wewe una ya chupa, anza na vijiko viwili, na kumbuka kupunguza siki au limau kwenye pishi hilo kwa kuwa chupa tayari ina siki. Iko pia ya unga. Hiyo ichanganywe na maji baridi na kuachwa kama dakika 10 ili ukali uamke. Ukiimwaga kavu kwenye supu inayochemka umeitupa.

Hata kile kijani kinachouzwa kama wasabi, sehemu kubwa yake nje ya Japani ni hosiradishi, haradali na rangi. Kwa hiyo ukiwa na chupa yako nyumbani, hukosi kitu sana kwa samaki mbichi na wali.

Sosi ya krimu, na nyama

Nyama ya ng'ombe ya kuoka na hosiradishi ni ndoa ya zamani huko Uingereza. Nyama yenye mafuta huufanya mdomo uchoke. Ukali unaopanda puani unauamsha tena, na mafuta nayo yanaupunguza ukali huo makali. Kila kimoja kinamrekebisha mwenzake.

Chukua krimu nzito mililita 200 iliyo baridi. Ipige kwa mchapo hadi ianze kusimama, lakini isifike kuwa ngumu kama ya keki. Tia mzizi uliokwaruzwa vijiko vikubwa viwili, siki kijiko kimoja cha chai, haradali laini nusu kijiko cha chai, chumvi, na sukari ya kushikwa kwa vidole viwili. Koroga kwa mkono mwepesi. Onja. Iache kwenye friji dakika 20 au 30, halafu uonje tena, kwa sababu krimu huchukua muda kunywa ladha na sosi iliyoonekana baridi mwanzoni huwa kali baadaye. Wengi huongeza mzizi mapema mno, kisha wakifika mezani wanakohoa.

Krimu chachu au mtindi mzito unafaa vilevile, na hapo siki haihitajiki. Mtindi mwepesi uchujwe kwanza kwenye kitambaa safi, la sivyo sosi itatoa maji pembeni ya sahani.

Sosi hii inaenda na steki, nyama iliyochemshwa, ulimi wa ng'ombe, viazi vya kuoka na maganda yake, na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Kwa samaki, badilisha siki kwa maji ya limau na uongeze majani ya vitunguu yaliyokatwa. Samaki wenye mafuta mengi ndio wanaofaidika zaidi. Samaki mweupe mwenye ladha nyepesi atamezwa na sosi, hivyo mpe kidogo sana au mwache.

Bitiruti

Kama ningeambiwa nichague pishi moja tu la hosiradishi, ningechagua hili. Utamu wa bitiruti una udongo ndani yake, na hosiradishi inaupasua udongo huo ukawa safi. Ulaya ya Mashariki wanaujua mchanganyiko huu vizuri: Wapoland huula wakati wa Pasaka pamoja na nyama na mayai, na Wayahudi wenye asili ya huko hula hosiradishi yenye bitiruti na vitoweo vya samaki.

Oka bitiruti tatu za wastani zikiwa zimefungwa kwenye foili, au zichemshe na maganda yake, hadi kisu kiingie bila kubishana. Ziache zipoe kabisa. Hapa usiharakishe, maana bitiruti ya moto itaua mzizi kama vile maji ya moto yangefanya. Zimenye, zikwaruze kwa matundu makubwa. Tia hosiradishi ya chupa vijiko vikubwa vitatu au vinne, siki kijiko kimoja kikubwa, chumvi, sukari kijiko kimoja cha chai. Changanya, funga kwenye chupa, ulaze usiku kucha kabla ya kula. Siku ya kwanza utaonja vitu viwili tofauti. Siku ya pili vimekuwa kimoja.

Kula na nyama baridi, mayai ya kuchemsha, samaki wa aina yoyote, au paka kwenye mkate wenye jibini laini. Hukaa kwenye friji kiasi cha wiki moja bila kupungua ladha sana. Vaa aproni, doa la bitiruti halina msamaha.

Tufaha

Huko Austria nyama ya ng'ombe iliyochemshwa taratibu huletwa mezani na tufaha lililochanganywa na hosiradishi. Kwaruza matufaha mawili machachu, yamwagie maji ya limau mara moja yasigeuke kahawia, kamua kidogo juisi iliyozidi, kisha tia mzizi uliokwaruzwa kijiko kimoja au viwili, chumvi na sukari kidogo. Basi. Linaliwa siku hiyohiyo. Litumie pia kwa nyama ya kuku iliyobaki, ambayo kwa kawaida huwa kavu na haina mtu wa kuitetea.

Ya kila siku

Hapa ndipo chupa inapomalizika bila kujua. Hakuna pishi maalumu, ni kijiko hiki na kile.

Kwenye mayonesi, kijiko kimoja kikubwa cha hosiradishi kwa nusu kikombe cha mayonesi kinatosha kubadilisha mkate wenye nyama, viazi vya kukaanga, au saladi ya viazi. Ponda viini vya mayai ya kuchemsha na mchanganyiko huo, urudishe ndani ya weupe wake, na mayai yaliyokuwa ya kawaida yatagombewa.

Viazi vya kuponda vipe hosiradishi mwishoni, baada ya siagi na maziwa, chungu kikiwa kimeshaepuliwa. Vijiko viwili vikubwa kwa kilo moja ya viazi ni mwanzo mzuri. Siagi itaubeba ukali mpaka mezani. Lakini viazi vya kupashwa moto kesho yake havitakuwa na ukali tena, kwa hiyo tenga vya kesho kabla hujatia.

Saladi ya kabichi na karoti inaipenda hosiradishi kuliko inavyopenda haradali, pengine kwa kuwa kabichi na mzizi huu ni ndugu. Changanya mtindi, mayonesi kidogo, hosiradishi kijiko kimoja kikubwa, limau na chumvi, mwagia, acha robo saa. Kwa saladi ya majani, tumia kijiko cha chai kimoja tu ndani ya mafuta na siki, uitikise ndani ya chupa. Majani laini hayastahimili zaidi ya hapo.

Sosi ya nyanya ya chupa vijiko vikubwa sita, hosiradishi vijiko viwili, maji ya limau na tone la pilipili ya maji: hiyo ndiyo sosi ambayo Wamarekani huila na kamba waliochemshwa na kupozwa. Ukali wa hosiradishi unaondoa ule utamu wa kitoto wa sosi ya nyanya. Juisi ya nyanya nayo, kijiko cha chai kimoja kwa glasi, pamoja na chumvi na limau, humfungua mtu pua asubuhi.

Siagi ya hosiradishi inafaa kuwa nayo kwenye friza. Lainisha siagi gramu 100 bila kuiyeyusha, changanya na mzizi uliokwaruzwa kijiko kimoja na nusu, chumvi, majani ya kotimiri au vitunguu, uviringishe kama soseji ndani ya karatasi. Kata kipande ukiweke juu ya steki, samaki wa kuchomwa, au mahindi, kiyeyuke chenyewe. Joto la chakula kilichopakuliwa halitoshi kuufuta ukali wote kabla hujala.

Ukiipika kwa makusudi

Kuna wakati unataka mzizi bila ukali wake. Vipande vya hosiradishi vikiokwa pamoja na karoti na viazi kwenye mafuta hulainika, na kinachobaki ni utamu wa mboga na kivuli tu cha kuwasha. Anayetarajia moto atasikitika. Anayetarajia mboga atafurahi. Vivyo hivyo kwa samaki aliyefunikwa na makombo ya mkate, siagi na hosiradishi kisha akaokwa: makombo yatakuwa na harufu nzuri lakini hayatawasha. Ukitaka vyote viwili, pika na nusu, nusu nyingine inyunyizie akitoka kwenye oveni.

Sosi nyeupe ya moto, wanayopenda Wajerumani kwa nyama ya kuchemsha, inafuata kanuni hiyohiyo. Kaanga unga kijiko kimoja kikubwa katika siagi, ongeza supu ya nyama na krimu kidogo, koroga hadi iwe nzito, zima moto, subiri kutokota kukome kabisa, ndipo utie vijiko vitatu vya mzizi. Usirudishe motoni. Ikipoa, ipashe juu ya chungu cha maji ya moto kwa upole na uongeze kidogo kingine kibichi.

Kwa supu nzito za viazi au bitiruti, hosiradishi isitiwe ndani ya chungu hata kidogo. Changanya hosiradishi na krimu chachu, weka kijiko kimoja juu ya kila bakuli, na kila mtu akoroge kadiri ya ujasiri wake. Wenye vidonda vya tumbo ni afadhali wapite mbali, na watoto wadogo wapewe ya kuonja tu.

Ikizidi, ikipungua

Iliyozidi ukali haitibiwi kwa maji. Ongeza mafuta: krimu, mayonesi, siagi, jibini laini. Sukari kidogo nayo husaidia. Kama una muda, iache wazi kwa saa moja na uikoroge mara mbili tatu. Sehemu ya ukali itaondoka yenyewe.

Iliyopoa ni kazi zaidi. Kuongeza kijiko juu ya kijiko kutoka chupa ya zamani kunaleta uchungu na siki tu, si ukali. Kwaruza kipande kibichi, hata kidogo, ukichanganye nayo. Usipokuwa nacho, haradali kali itaziba pengo bila watu kushtuka. Iliyokwisha geuka kahawia na kuwa chungu haina dawa, itupe.

Majani na maganda

Mzizi ukija na majani, usiyatupe. Yale machanga huwasha kidogo na hukatwakatwa kwenye saladi, au hupikwa kama mboga nyingine za majani. Yale makubwa Warusi na Waukraine huyatandika ndani ya mitungi ya matango ya chumvi, pamoja na kitunguu saumu na shibiti (majani ya kiungo), kwa kuwa tanini iliyomo, yaani kemikali ya ukakasi, husaidia matango yabaki magumu yanayolia menoni. Jani moja kubwa chini na moja juu linatosha mtungi wa lita tatu. La juu lina kazi nyingine pia: linayazuia matango yasielee nje ya maji ya chumvi.

Maganda na vichwa vya mzizi, kwa upande mwingine, uwe mwangalifu unapovitupa. Mmea huu huota upya kutokana na kipande kidogo cha mzizi kilichobaki udongoni, na ukishashika mahali ni vigumu kuung'oa wote. Kama unautaka, fukia kichwa kimoja ndani ya ndoo kubwa iliyotobolewa chini, na utakuwa na mzizi wako mwenyewe msimu ujao. Kama huutaka, usiviweke kwenye mbolea ya bustani.